Rukhsa Isiyomfungulia Mwizi Mlango: Somo la Staki Kivuli

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanachuo, somo la toleo hili huenda likawashangaza baadhi yenu. Mimi nasomea masomo ya Kiislamu, na mtu wa fani yangu hutarajiwa kuandika juu ya muamalati, mirathi au usuli. Leo nakuombeni tuingie pamoja ndani ya prosesa ya kompyuta. Nina sababu mbili. Ya kwanza, wengi katika jumuiya yetu wanasomea kompyuta, na kesho wao ndio watakaoandika programu za benki, za hospitali na za kutuma pesa kwa simu. Kosa la mtu mmoja katika kazi hiyo hula amana za watu maelfu. Ya pili, wahandisi walipotaka kuuziba mlango mmoja wa wizi walikutana na swali ambalo wanazuoni wa usuli wamelifanyia kazi kwa karne nyingi: ukishaweka kanuni, utampitishaje mwenye udhuru bila kumpitisha mdanganyifu pamoja naye?

Kanuni tutakayoitazama inaitwa staki kivuli. Wenye udhuru ni wawili: ishara na korutini. Tuanze mwanzo kabisa, ili hata asiyewahi kuandika mstari mmoja wa programu asiachwe nyuma.

STAKI NI NINI?

Programu imeundwa kwa funksheni, yaani vipande vya maagizo ambavyo kila kimoja kina kazi yake. Funksheni moja huita nyingine, na hiyo nayo huita nyingine. Chukua programu ya kutuma pesa. Funksheni ya kutuma inaita ya kukagua salio, na ya kukagua salio inaita ya kuhakiki namba ya siri. Ile ya mwisho ikimaliza kazi, prosesa lazima ijue inarudi wapi. Kwa hiyo kila funksheni inapoitwa, prosesa huandika anwani ya kurudi, yaani mahali pa kuendelea pale kazi itakapokwisha. Anwani hizo huandikwa katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo staki.

Staki ni kama sahani zilizopangwa jikoni siku ya walima. Sahani iliyowekwa mwisho ndiyo inayochukuliwa kwanza. Vivyo hivyo anwani iliyoandikwa mwisho ndiyo inayosomwa kwanza, na funksheni iliyoitwa mwisho ndiyo inayorudi kwanza. Mpangilio huu ni mzuri na rahisi, na kompyuta nyingi zimeutegemea kwa miongo mingi.

Ubaya wake ni huu: staki hiyohiyo inayobeba anwani za kurudi hubeba pia vitu vingine vya programu, pamoja na maneno anayoyaingiza mtumiaji. Mwandishi wa programu akitenga baiti 64 kwa ajili ya jina, kisha asipime urefu wa kinachoingia, mtu mwenye nia mbaya ataingiza baiti 200. Zile zilizozidi hazipotei. Zinafurika na kuandikwa juu ya vilivyo jirani, na mmoja wa majirani hao ni anwani ya kurudi. Mwizi akishaweka anwani anayoitaka yeye, prosesa itaifuata kwa utiifu bila kuuliza swali.

Hili si jambo la kubuni. Mwezi Novemba 1988 programu iliyoandikwa na Robert Morris, mwanafunzi wa Marekani, ilisambaa kwenye intaneti ya wakati ule, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kufurisha staki namna hii. Tangu hapo kinga nyingi zimebuniwa. Mwaka 1998 ilikuja mbinu ya kuweka thamani ya siri kando ya anwani ya kurudi, ili mafuriko yajulikane. Baadaye prosesa zikaanza kukataa kutekeleza maagizo yaliyoingizwa kwenye staki. Wezi nao hawakulala. Mwaka 2007 mtafiti Hovav Shacham alionyesha kwamba mshambuliaji hahitaji kuingiza agizo lake hata moja. Anachukua vipande vidogo vya maagizo vilivyomo tayari ndani ya programu, kila kimoja kikiishia kwenye agizo la kurudi, na kuvifunga pamoja kwa kupanga anwani za kurudi za uongo. Ni mwizi anayeingia mikono mitupu na kutumia visu vya jikoni kwako.

Kwa hiyo mzizi wa tatizo ni mmoja: anwani ya kurudi inaaminiwa bila shahidi.

MWANDISHI WA PILI

Staki kivuli ni nakala ya pili ya anwani za kurudi, inayowekwa mahali pengine katika kumbukumbu. Funksheni inapoitwa, prosesa huandika anwani ya kurudi mara mbili: kwenye staki ya kawaida na kwenye staki kivuli. Funksheni inapomaliza, prosesa husoma zote mbili na kuzilinganisha. Zikiafikiana, kazi inaendelea. Zikitofautiana, prosesa hukataa kurudi na kuiarifu kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo endeshi, na kwa kawaida programu husimamishwa papo hapo.

Nguvu ya mpango huu haitokani na kuwepo kwa nakala mbili tu. Inatokana na mahali ilipo nakala ya pili. Kurasa za kumbukumbu za staki kivuli zina alama maalumu, na agizo la kawaida la kuandika likizigusa linakataliwa. Agizo la kuita funksheni huziandikia, na hilo hufanywa na prosesa yenyewe. Programu inasema, "Niitie funksheni fulani," lakini kalamu imeshikwa na prosesa.

Intel ilitangaza muundo wake wa jambo hili mwaka 2016, na prosesa zenye uwezo huo zikafika sokoni mwaka 2020, kutoka Intel na pia AMD. Katika Linux, ulinzi huu kwa programu za kawaida kwenye prosesa za aina hiyo uliingia katika toleo la 6.6, Oktoba 2023. Prosesa za ARM zina muundo wao unaofanana, nao ukaingia katika Linux toleo la 6.13, Januari 2025. Kati ya kutangazwa mwaka 2016 na kupokelewa 2023 ni miaka saba. Sehemu ya kazi iliyochukua fikra nyingi ni hiyo tunayoijia sasa: kanuni iko wazi, lakini wenye udhuru je?

AYA YA DENI

Kabla ya kuendelea, tusimame kwenye aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara. Inawaagiza waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike. Mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika. Anayedaiwa ndiye anayeimla, lakini kalamu iko mkononi mwa mwandishi. Mashahidi wawekwe. Watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Wanazuoni walio wengi wamesema amri hii ya kuandika ni ya kupendekeza, na wengine wakasema ni ya lazima. Wote wanakubaliana juu ya hekima yake: maandishi ni uadilifu zaidi, yanauimarisha ushahidi na kuiondoa shaka.

Sasa tazama kinachofuata. Aya hiyohiyo inaiondoa biashara ya papo kwa papo, kwamba si dhambi isipoandikwa. Na aya ya 283 inamjia msafiri aliyekosa mwandishi. Haikumwambia avunje muamala wake, wala haikumwambia aendelee bila kitu. Imemwelekeza kwenye rehani iliyo mkononi. Mwandishi hayupo, basi iwepo amana inayoshikika itakayosimama mahali pake.

Hapa nataka nieleweke vizuri. Sisemi kwamba Qur'ani imeitaja prosesa, wala sipendi mtindo wa kukimbilia kila kifaa kipya na kukitafutia aya. Aya hizi zinazungumza na watu wenye nia, wenye hofu ya Allah na watakaohesabiwa. Prosesa haina hata kimoja katika hivyo. Ninachochukua ni njia ya kufikiri: asili ya kanuni, ambayo katika usuli tunaiita azima; ruhusa kwa mwenye udhuru, ambayo ni rukhsa; na jambo linalosimama mahali pa kanuni wakati wa udhuru ili haki isipotee. Tukiwa na vitu hivi vitatu mkononi, ishara na korutini havitatusumbua kuvielewa.

UDHURU WA KWANZA: ISHARA

Alfajiri ya Ijumaa imamu anaposoma Suratus Sajda, akifika aya ya 15 anakata kisomo, anasujudu sijda ya kisomo, kisha anainuka na kuendelea na aya ya 16. Sijda ile haikuwa sehemu ya mfululizo wa rakaa. Imeingia katikati, imetimizwa, na kisomo kimerudi mahali kilipoachwa bila kupungua herufi.

Ishara katika mfumo endeshi ni hivyo. Programu inaendelea na kazi zake, ghafla jambo linatokea: mtumiaji amebonyeza vitufe vya kuisimamisha, muda uliowekwa umefika, au programu imegawanya namba kwa sifuri. Kerneli huikatiza programu popote ilipo, hata katikati ya funksheni, na kuiendesha funksheni maalumu ya kuipokea ishara ile. Ikimaliza, programu irudi palepale ilipokatizwa, na rejesta zake zote ziwe kama zilivyokuwa.

Ili hilo liwezekane, kerneli huhifadhi hali yote ya programu kwenye staki ya kawaida, kisha huiacha funksheni ya kupokea ishara ifanye kazi yake. Funksheni hiyo inapomaliza hurudi kwenye kipande kidogo cha maagizo, tukiite mrejeshaji, ambacho huiomba kerneli: "Irudishe hali ya mwanzo." Hapo yanazuka matatizo mawili.

Tatizo la kwanza. Funksheni ya kupokea ishara haikuitwa na funksheni nyingine yoyote, imeletwa na kerneli. Kwa hiyo prosesa haikuandika chochote kwenye staki kivuli. Funksheni ile ikitaka kurudi, ulinganisho utashindwa na programu isiyo na hatia itauawa. Suluhisho la Linux ni kerneli yenyewe kuiandika anwani ya mrejeshaji kwenye staki kivuli kabla funksheni haijaanza. Wakati wa kurudi, nakala mbili zinaafikiana.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Ombi la kurudisha hali linapokuja, kerneli inajuaje kwamba kweli kulikuwa na ishara? Mwaka 2014 watafiti Erik Bosman na Herbert Bos walionyesha kwamba mifumo mingi haikuwa ikijua. Mshambuliaji aliweza kuandika hali ya uongo kwenye staki ya kawaida, akapeleka ombi la kurudisha, na kerneli ikajaza rejesta zote kama alivyotaka yeye. Mtu ambaye hakusafiri amedai rukhsa ya msafiri, na hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.

Dawa yake ni rehani. Ishara inapokuja, kerneli huandika kwenye staki kivuli mahali kilipokuwa kilele cha staki kivuli kabla ya ishara. Inakiandika kwa sura maalumu: biti ya 63, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika namba ya biti 64, inawashwa. Kwa nini biti hiyo? Kwa sababu anwani za programu za kawaida hazina biti hiyo kamwe. Basi anwani ya kurudi iliyoandikwa kwa njia ya kawaida haiwezi kufanana na alama hii, hata kwa bahati mbaya. Ombi la kurudisha likija, kerneli huitafuta alama hiyo kwenye kilele cha staki kivuli na kuihakiki. Ikiwepo, staki kivuli inarudishwa mahali pake pa zamani. Isipokuwepo, ombi linakataliwa.

Kuna suala moja dogo linalobaki. Programu inaweza kutenga staki nyingine ya kawaida kwa ajili ya ishara, ili hata staki kuu ikijaa, ishara ipate pa kupokelewa. Je, na staki kivuli nayo iwe na ya akiba? Linux imechagua njia nyepesi: staki kivuli ni hiyohiyo moja, ila inapewa ukubwa wa kutosha, sawa na kikomo cha staki ya kawaida, isipozidi gigabaiti 4. Hoja yake ni kwamba staki kivuli hubeba anwani peke yake, baiti 8 kwa kila wito, na staki ya kawaida hubeba anwani hiyo pamoja na mizigo mingine. Kwa desturi ile ya kawaida ndiyo itakayotangulia kujaa.

UDHURU WA PILI: KORUTINI

Mwaka 1963 Melvin Conway alichapisha maelezo ya funksheni za aina nyingine, ambazo hazisubiri kumaliza ndipo zirudi. Moja inafanya kazi kidogo, inampisha mwenzake, kisha inapopewa zamu tena inaendelea pale ilipoachia. Hizi ndizo korutini.

Wafikirie wanafunzi wawili wanaodurusu kwa zamu. Mmoja anasoma Suratul Kahf, mwingine Suratu Yusuf. Wa kwanza anasoma aya kumi, anaweka alama kwenye msahafu wake na kunyamaza. Wa pili anasoma aya tano, anaweka alama yake na kunyamaza. Zamu inaendelea, na hapana anayepotea, kwa sababu kila mmoja ana msahafu wake na alama yake. Wangekuwa na alama moja kwa wote wawili, wangevurugana katika zamu ya pili tu.

Ndiyo maana korutini yenye staki yake ya kawaida inahitaji pia staki kivuli yake. Sahani za walima huu haziwezi kuchanganywa na za walima ule, maana utaratibu wa "ya mwisho hutoka kwanza" ni kweli ndani ya kila korutini, na si kweli baina ya korutini mbili. Kwa kazi hii Linux ina ombi maalumu ambalo programu huitumia kerneli ili itengewe eneo jipya la staki kivuli.

Lakini sasa tumefungua mlango wa hatari. Tumeipa programu uwezo wa kusema, "Acha staki kivuli hii, tumia ile." Mshambuliaji naye akiweza kuyasema hayo, na "ile" ikawa eneo alilolichagua yeye, ulinzi wote umekwisha. Ndiyo rehani inarudi, mara hii kwa sura ya tokeni.

Sote tunaijua tokeni ya umeme. Namba ile imefungwa na mita yako. Ukiipeleka kwenye mita ya jirani haikubali, na ukishaiingiza mara moja, mara ya pili inakataliwa. Tokeni ya staki kivuli ina sifa hizohizo mbili.

Kwanza, imefungwa na mahali pake. Ni baiti 8 zilizowekwa kwenye kilele cha staki kivuli inayosubiri zamu, na ndani yake imeandikwa anwani ya mahali pale penyewe panapofuata tokeni. Programu inapotaka kuhamia huko, hutumia agizo RSTORSSP. Prosesa husoma tokeni na kukagua kama kilichoandikwa ndani kinaafikiana na mahali ilipo. Namba yoyote iliyookotwa kwengine haitapita.

Pili, hutumika mara moja. Katika tendo lilelile la kukagua, prosesa huifuta tokeni na kuweka mahali pake kumbukumbu ya staki kivuli iliyotoka. Hakuna nafasi kati ya kukagua na kufuta. Basi hata nyuzi mbili za programu zikigombania staki kivuli moja kwa wakati mmoja, moja tu ndiyo itakayoipata. Kisha agizo SAVEPREVSSP huichukua kumbukumbu ile na kuweka tokeni mpya kwenye staki kivuli ya zamani, ili zamu yake ikirudi iweze kuingiwa. Programu isipofanya hatua hii ya pili, imehama bila kuacha tokeni nyuma, na njia ya kurudi imefungwa.

Angalia ilipowekwa rehani hii: ndani ya staki kivuli yenyewe, mahali ambapo maandishi ya kawaida hayafiki. Aya imesema rehani iwe mkononi. Rehani iliyoachwa mkononi mwa mdaiwa haimlindi mdai.

Ulinzi huu una gharama. Kumbukumbu hutengwa kwa kurasa, na ukurasa wa kawaida una baiti 4,096. Programu yenye korutini 10,000, hata kila moja ikipewa ukurasa mmoja tu wa kivuli, itahitaji takriban megabaiti 41 kwa vivuli peke yake. Ndiyo maana wanaoandika maktaba za korutini hupenda kuzitumia tena staki kivuli za korutini zilizomaliza kazi kuliko kuomba mpya kila mara. Na si kila korutini ina mzigo huu. Zile za lugha ya C++ za kiwango cha mwaka 2020 hazina staki yao. Zinaendelea kwa kuitwa na kusimama kwa kurudi, kama funksheni nyingine yoyote, na kwa hiyo staki kivuli haioni tofauti yoyote. Asiye na udhuru hahitaji rukhsa.

MAFUNZO MATATU

Fundisho la kwanza: udhuru haufuti kanuni. Njia rahisi kwa mwenye maktaba ya korutini inayogomba na staki kivuli ni kuzima ulinzi wote na kuendelea na kazi. Tena katika Linux si lazima hata azime. Programu na maktaba zake zinapaswa kuwa na alama ya kuonyesha kwamba ziko tayari kwa staki kivuli, na maktaba moja isiyo na alama hiyo yatosha kufanya programu nzima ianze bila ulinzi. Uvivu wa mmoja unakuwa hasara ya wote. Ndugu zangu mnaosomea kompyuta, mkikutana na hali hiyo, kazi ya kuitafutia korutini tokeni yake ni ya kwenu. Mtumiaji aliyeweka ada yake ya muhula kwenye simu hatajua kamwe kwamba kuna mtu alichagua njia fupi.

Fundisho la pili: dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Kanuni hii ya fiqhi tunaihifadhi mapema, lakini kuitumia ni kazi. Ishara imepewa alama moja na anwani moja tu. Korutini imepewa tokeni ya mara moja. Lipo pia agizo linaloiwezesha programu kuandika itakacho kwenye staki kivuli, na lina matumizi yake maalumu, lakini Linux imeliacha likiwa limezimwa mpaka programu yenyewe iliombe. Kuliwasha kwa kila mtu kungekuwa sawa na kumruhusu kila mwenye kiu kidogo kula mchana wa Ramadhani.

Fundisho la tatu: mwenye mamlaka naye hukaguliwa. Kerneli ndiyo yenye nguvu kuliko wote humo ndani. Pamoja na hayo, haikujitosheleza kwa kusema, "Nadhani nilileta ishara." Iliacha maandishi, na inarudi kuyasoma kabla ya kutenda.

Fundisho hili tulilete nyumbani. Jumuiya zetu zina mifuko ya sadaka. Kanuni ni kwamba pesa haitoki bila saini mbili na kuandikwa daftarini. Usiku wa manane anafariki mzazi wa mwanachama, ndugu yetu anahitaji nauli kabla ya alfajiri, na mtia saini wa pili hapatikani. Wapo watakaosema kanuni ni kanuni, mwacheni asubiri, na huo ni ugumu ambao dini haikuuleta. Wapo watakaosema sisi ni ndugu, toeni tu, ya kuandika tutaandika siku nyingine, na hivyo ndivyo mifuko mingi inavyokufa bila mwizi kuonekana. Njia ya tatu ni hii: pesa itoke usiku uleule, na palepale iandikwe salio lilikuwa kiasi gani kabla, nani ametoa, nani amepokea na kwa sababu gani. Karatasi ikae kwa mtu asiyekuwa mtoaji. Kesho yake saini ya pili itiwe baada ya salio kulinganishwa, na rukhsa ile iishe hapo. Haitumiki kwa tukio la wiki ijayo.

MIPAKA YA SOMO

Amana ya elimu inanitaka niseme pia staki kivuli haiwezi nini. Haizuii mafuriko yenyewe, inazuia anwani ya kurudi iliyobadilishwa isifuatwe. Mshambuliaji anayebadilisha salio kwenye kumbukumbu bila kugusa anwani yoyote ya kurudi haonekani kwake. Kuruka kwenda mbele, yaani kuita funksheni kupitia anwani iliyochezewa, kunahitaji kinga nyingine. Na katika ishara, alama ya kerneli inahifadhi mahali pa staki kivuli tu. Rejesta nyingine bado zinahifadhiwa kwenye staki ya kawaida. Shahidi hutoa ushahidi wa alichokiona, wala hatumlaumu kwa asichokiona. Bado mwandishi wa programu anawajibika kupima urefu wa kila kinachoingia.

MASWALI YA HALAKA

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini nakala mbili za anwani zisingetosha kama zote mbili zingekuwa kwenye staki ya kawaida.

2. Alama ya ishara ina biti ya 63 iliyowashwa. Ingetokea nini kama ingefanana na anwani ya kawaida?

3. Kwa nini tokeni lazima ifutwe katika tendo lilelile la kuikagua, na si baadaye kidogo?

4. Soma Suratul Baqara aya ya 282 na 283 pamoja na tafsiri. Taja kila mahali ambapo kanuni imelegezwa, na kila jambo lililowekwa mahali pake.

5. Katika jumuiya yenu, ni kanuni ipi inayolegezwa mara kwa mara kwa jina la dharura? Rehani yake iko wapi?

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaorudisha amana kwa wenyewe, na aijaalie elimu yetu, ya chuo na ya msikitini, iwe hoja kwa ajili yetu na isiwe hoja dhidi yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.